Fundi Asiyeharakishwa na Mto

Asubuhi hiyo nilitoka Malindi bila mpango wowote. Niliamka, nikanawa uso, nikamshukuru rafiki aliyekuwa amenipa kona ya chumba chake, nikatembea hadi barabarani. Lori la simenti likasimama kwa sababu utingo alinijua kwa sura. "Unaenda wapi?" akauliza. Nikamwambia aniambie yeye. Wakacheka, nikapanda. Jua halijafika utosini nilikuwa Garsen, nimesimama mbele ya vibanda vya steji nikitafuta chai.

Ndivyo ninavyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba. Nimepakia matikiti, nimekoroga rangi kwa wachoraji wa malori, nimechota chumvi, nimeuza mitumba. Kila kazi naijua nusu. Nikishaelewa inavyofanyika, miguu huanza kuniwasha. Katika mizunguko yote hiyo, mtu pekee ninayemrudia bila kujiuliza kwa nini ni mzee mmoja achongaye mitumbwi kando ya mto Tana, juu kidogo ya Garsen. Kila mtu humwita Fundi, hata mkewe akiwa amemkasirikia.

Nilikuwa bado napuliza chai pale nilipoguswa bega. Alikuwa Mama Maziwa, mwanamke wa Kiorma anayewaongoza wenzake wanaoleta maziwa sokoni kutoka ng'ambo ya mto. Madumu yake yalikuwa matupu, alikuwa ameshauza.

"Wewe si yule kijana wa Fundi?"

"Kijana ilikuwa zamani, mama. Angalia hizi mvi."

"Mvi weka kando. Enda mwambie maji inakuja. Redio imesema huko juu mabwawa imejaa. Na yeye kila siku polepole, polepole, kama anachonga kijiko ya bibi arusi."

Nilijua anasema nini, maana habari za mtumbwi huo zilikuwa zimenifikia hata Malindi. Akina mama wa maziwa walikuwa wamechoka kuvuka kwa vyombo vya watu. Mafuriko yaliyopita waliachwa ng'ambo wakimwaga maziwa mchangani, na msichana mmoja wa kwao akajifungulia ukingoni akingoja mtu amvushe kwenda hospitali. Alipona, na mtoto akapona, lakini Mama Maziwa aliporudi nyumbani siku ile alikata shauri. Wakataka mtumbwi wao, wausukume wao. Wakamwendea Fundi.

Mtu wa mbali anaweza kudhani kazi hiyo inaweza kungoja mafuriko yapite. Haiwezi. Fundi huchonga mti pale pale ulipoangukia. Mafundi wengine wakimaliza hualika kijiji, wakapika, wakauburuta mtumbwi kwa kamba mpaka majini. Fundi hataki. Anasema mkuyu ni mti mwepesi wa kuchonga na mwepesi wa kupasuka, na kuuburuta ni kuutafutia ufa. Yeye huacha mto uje kuuchukua mtumbwi wenyewe. Maji yakipanda shambani, mtumbwi unainuka, watu wanaingia, safari inaanza. Njia nzuri, lakini ina sharti lake: kazi iwe imekwisha maji yanapofika. Gogo lililochongwa nusu likikutwa na mafuriko hujaa tope na kuoza, au husombwa hadi Kipini, baharini, na hapo akina mama wangerudi kukaa ukingoni wakingoja huruma za watu.

Nikapanda bodaboda. Nilimkuta Fundi amelala.

Amelala kweli kweli, chali, kofia usoni, kando ya mkuyu uliokuwa umefunikwa majani ya mgomba na matope mabichi ili usikauke kwa jua. Pande zote watu walikuwa wakikimbizana. Majirani walikuwa wakivunja mahindi ambayo hayajakomaa, wakibeba kuku, wakifunga magodoro. Yeye alikuwa akikoroma.

"Usimwamshe," mkewe akaniambia. Tunamwita Mama, na alikuwa akifunga mbuzi kamba tayari kuwahamisha. "Ukimwamsha saa hii atafanya kazi ya hasira, na kazi ya hasira anaifanya mara mbili. Namjua."

Mchana Fundi hulala. Iwe sikukuu, iwe msiba, iwe mto unakuja. Nilipomfahamu mara ya kwanza niliona ni uvivu, nikamwambia hivyo, kwa kuwa nilikuwa na umri wa kusema lolote. Siku iliyofuata akaniacha nichonge mfululizo kutoka asubuhi mpaka alasiri bila kupumzika, akaniangalia tu. Jioni akaja, akapitisha kiganja sehemu niliyochonga kabla ya jua kali na sehemu niliyochonga baada yake. Akaushika mkono wangu, akaupitisha hapo hapo. Basi. Tangu siku hiyo na mimi nalala.

Kazi yake halisi ni ya alfajiri. Anaamka, hasalimii mtu, hata Mama. Haongei, hasikilizi redio, hanywi chai. Anakwenda moja kwa moja kwenye sehemu ngumu kuliko zote katika ule mti, ile ambayo jana ilimtisha, na kuipiga tezo, shoka lake la kuchongea. Mti unaweza kuwa na fundo katikati ya tumbo. Ataanza na fundo. Sehemu laini, za kufurahisha, zile zinazotoa maganda marefu na kumfanya mtu ajione bingwa, anaziacha za baadaye. Mama akileta chai ndipo anageuka na kusema, "Mmeamkaje?" kana kwamba ndiyo kwanza afike duniani.

Kuna mgeni mmoja aliyewahi kuudhika. Alikuwa amekuja kuagiza mtumbwi, akafika na umande, akasalimia, asijibiwe. Akaondoka akisema mzee ana kiburi. Mama akamkimbilia njiani: "Rudi, baba, rudi. Bado hajafika huyo. Ngoja chai." Mgeni akarudi, na Fundi alipomaliza akamkumbatia kwa furaha na kumuuliza habari za ng'ombe, watoto, mashamba, mpaka mgeni akachoka kuulizwa.

Maana Fundi si mkimya. Watu hukosea hapo. Ana saa yake ya maneno, baada ya usingizi, na saa hiyo humwaga yote. Anabishana mpira kwa sauti inayovuka mto. Anajisifu bila haya. "Tana hii yote," huniambia, "ukiona mtumbwi umekaa majini kama bata, uliza nani kauchonga. Ukiona umekaa kama nguruwe, usiulize." Anayetaka shauri, anayetaka kukopa shoka, anayetaka kusengenya, wote wanajua waje alasiri. Ukija asubuhi utakuta mgongo.

Simu yake ameiweka ndani ya mfuko wa plastiki, ameitundika kwenye mti wa mkoma ulio mbali na kazi, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Nilimwambia angeweza kununua laini nyingine inayoshika mpaka pale anapokaa.

"Ili iweje?"

"Ili usitembee."

"Nikitembea nakumbuka kwamba sikuwa na haja nayo."

Na kweli, mara nyingi hufika nusu ya njia akarudi.

Jambo jingine lake lilinichukua muda kulielewa. Huacha kazi ikiwa bado tamu. Jua likiegemea, hata kama mkono umekubali na tezo inaimba, husimama, akachora alama ya mkaa mahali pa kuanzia kesho, akainoa tezo, akaifunga kitambaa. Mimi nilikuwa nikipenda kumaliza kipande, nijisikie nimemaliza. Yeye hucheka. Anasema mtu aliyemaliza kila kitu jioni huamka asubuhi akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anayejua pa kuanzia huamka akiwa ameshaanza. Ndiyo maana tezo hunolewa jioni: asubuhi ni ya kukata, si ya kutafuta jiwe.

Nimejaribu mambo haya huko ninakozurura. Katika kibarua cha rangi nilianza na pembe zilizonishinda, nikaacha mbavu tupu za lori za mwisho. Mchoraji aliyeniajiri aliniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia kwa mchonga mitumbwi, akadhani namtania. Nilifanya kazi nyingi zaidi kwa kelele kidogo zaidi. Bado niliondoka, lakini safari hiyo niliondoka baada ya kumaliza.

Msidhani ni mtu aliyenyooka kila upande. Mlango wa nyumba yake umening'inia kwenye bawaba moja tangu nimjue. Mama huufunga kwa kamba.

"Mitumbwi ya watu inapapaswa kama mtoto," Mama husema mbele yake, "mlango wangu unafungwa kama mbuzi."

"Mlango hauzami," Fundi hujibu.

"Mimi ndiye ninayezama humo ndani!"

Kanisani huchelewa kila Jumapili na kukaa nyuma akijifanya amekuwepo. Anachonga vyombo vya majini, lakini hajui kuogelea, na anaogopa mamba kiasi cha kunawa miguu kwa kopo. Na ajabu kuliko zote: amewavusha watu wengi, ila yeye mwenyewe hajawahi kulala ng'ambo. Huvuka, hukabidhi, hurudi kabla ya kiza. Nikimuuliza sababu, husema huko nzi ni wengi. Nadhani ni woga tu wa mtu aliyezoea upande wake.

Nimebakiza tabia moja, na ndiyo anayoichukia mwenyewe. Kila jioni, akishafunga tezo, humshika mtu yeyote aliye karibu na kumuuliza, "Umeona kosa gani?" Humuuliza mkewe, mvuvi anayepita, mchungaji, hata mtu aliyekosana naye. Jibu humkera. Hununa. Hubisha. Humtajia muulizwa makosa ya baba yake. Kisha alfajiri utamkuta analirekebisha lile lile alilokana. Nilimwuliza kwa nini anauliza kama anachukia hivyo. Akasema macho yake yameshaupenda mtumbwi, na mtu anayependa haoni.

Siku ile aliamka, akaniona, akasema, "Safari, umerudi." Safari ndilo jina alilonipa. Nikampa ujumbe wa Mama Maziwa. Akaketi akiuangalia mti kwa muda. Tumbo la mtumbwi lilikuwa karibu kumalizika. Nje kulikuwa na magamba na makovu, na pua ilikuwa bado kipande cha gogo. Pua ndiyo fahari yake. Mitumbwi yake hujulikana kwa pua iliyochongoka na kulainishwa mpaka inateleza mkononi.

Nilitegemea atasema tuchonge usiku na mchana. Nilikuwa tayari nimeshika shoka.

"Weka chini," akasema. "Niambie. Tukiacha pua hivi, utaelea?"

"Utaelea."

"Tukiacha nje na makovu?"

"Utaelea, ila utakuwa mzito."

"Tukiacha tumbo halijasawazika?"

"Utapinduka."

"Basi kazi ni moja." Akaipa pua mgongo. "Pua tuiache. Watu wataona huu na kuuliza nani kauchonga. Wacha waulize."

Najua ilimgharimu. Kwa siku zilizobaki hakuigusa pua hata mara moja, ingawa nilimwona akipita karibu nayo mkono ukitaka kwenda wenyewe. Hakuamka mapema zaidi. Hakuacha usingizi wake. Hakuchonga taa ikiwa imewaka. Alfajiri tulipiga tumbo, yeye upande huu na mimi ule, tukigonga kwa vidole na kusikiliza unene. Majirani walipita na magodoro kichwani wakitupigia kelele, "Nyinyi mnangoja nini? Mnataka mamba awapikie?" Fundi hakugeuka. Mama akaondoka na mbuzi kwenda kwa dada yake Garsen, kwenye ardhi ya juu. Kabla ya kwenda aliutazama mtumbwi, akautazama mlango, akatikisa kichwa.

Jioni tuliyomaliza tumbo, Mama Maziwa alikuja na wenzake kuona. Walikuwa wamevushwa na mvuvi. Mtumbwi ulikuwa umelala kama Fundi anavyoilaza mitumbwi yake yote: pua kwenye mto, njia imefyekwa mbele mpaka ukingoni, kamba imefungwa kwenye kisiki cha upande wa mto. Maji yakipanda kutoka mtoni, unainuka pole, unaelekea unakotakiwa. Aliuzunguka, akaingiza mkono ndani, akaridhika. Pua akaipita tu.

Fundi akafunga tezo. "Haya, mama. Umeona kosa gani?"

"Mtumbwi ni mzuri. Lakini inaangalia wapi?"

"Mtoni. Utaangalia wapi tena?"

"Maji haitatoka huko."

Fundi akacheka. "Mafuriko yasitoke mtoni, yatoke mfukoni mwako?"

"Fundi, sikia." Akaelekeza fimbo nyuma yetu, mashambani, kule kwenye mfereji mpana uliojaa nyasi ambao zamani ulikuwa ndio mto kabla Tana haijahama. "Asubuhi ng'ombe yangu ya upande huu imekunywa pale mto mzee inaanzia. Mwaka mzima ni vumbi. Leo maji iko, nyeusi, ina povu, na inatembea. Mto imetoboa huko juu. Itakuja na mgongo yako."

"Mimi nimelaza mitumbwi hapa tangu wewe hujaolewa!"

"Na mimi nimetembea nyuma ya ng'ombe huko tangu wewe unalala mchana."

Nilicheka, Fundi akanitazama nikanyamaza. Lakini nilikuwa nimeelewa, na naye alikuwa ameelewa. Maji yakija kwa nyuma, kwa kasi, yangeusukuma mtumbwi kinyumenyume hadi ukingoni, yaubamize kwenye visiki, kisha yautupe katikati ya mkondo bila mtu ndani. Kazi yote ingeishia hapo. Fundi akaenda kulala akiwa amenuna, akimtaja baba yake Mama Maziwa ambaye hakuwahi hata kumwona.

Alfajiri sikusikia tezo. Nilitoka jikoni tulikolala mimi naye, nikamkuta amepiga magoti kwenye tope, anaingiza magogo ya kuviringishia chini ya mtumbwi. Alikuwa anaugeuza. Mtu ambaye hajawahi kuulaza mtumbwi vingine maisha yake yote, alikuwa peke yake anausukuma pua iangalie mashamba. Nikaingiza bega. Haukusogea. Ndipo nikasikia sauti: Mama Maziwa na wenzake, waliokuwa wamelala ndani ya nyumba ya Fundi iliyohamwa, wakatoka na leso zao wamezifunga kiunoni. Mvuvi aliyewavusha akaja. Majirani wawili waliorudi kuchukua mabati wakayaweka chini. Watu wa mashamba na watu wa ng'ombe, bega kwa bega, tukahesabu kwa Kipokomo na Kiorma kwa pamoja mpaka tukachanganyikiwa, na mkuyu ukageuka.

Fundi akahamisha kamba, akaifunga kwenye mkoma mkubwa upande wa nchi kavu. Kisha akasema, "Mmeamkaje?" na wote tukaangua kicheko.

Maji yalikuja chai ikiwa bado jikoni. Hayakutoka mtoni. Kwanza walikuja panya na siafu, kisha nyasi za mfereji wa zamani zikalala zote kwa pamoja, kisha ukaja mstari wa povu ukivuka shamba la mahindi. Yalipiga pua ile mbaya isiyochongwa, yakagawanyika huku na huku, na kamba ikakaza. Mtumbwi ukatikisika, ukatoa sauti ya kujing'oa kwenye tope, ukainuka.

"Ingieni!" Fundi akapiga kelele. "Wazito katikati! Katikati, mama, si mbele, hapa si harusi!"

Mvuvi aliwachukua majirani na mabati yao kwenye chombo chake. Sisi hatukuwa na njia ya kurudi. Barabara ya Garsen ilikuwa imeshakatwa. Fundi aliutazama upande wake kwa muda mfupi, akaona maji yanaingia mlangoni, akaingia mtumbwini na kukamata kafi. Mama Maziwa akachukua la mbele. Nikafungua kamba.

Sitasema ilikuwa rahisi. Katikati ya mto, mti mzima ulipita karibu yetu na mizizi yake juu, na wanawake wakaanza kuomba Mungu kwa sauti. Fundi alikuwa ameuma midomo. Lakini mtumbwi haukuinama. Ulikaa sawasawa, mzito, mkaidi, ukikata maji kama ng'ombe dume anayevuka malisho ya watu. Mama Maziwa alikuwa akipiga kafi kwa nguvu na kuuliza bila kugeuka, "Hivi? Fundi, hivi?" Naye akijibu, "Ndefu zaidi. Hivyo. Hivyo hivyo. Usitazame maji, tazama mwisho." Tulipofika katikati alikuwa akimwelekeza. Tulipokaribia ng'ambo alikuwa amenyamaza, kafi lake limelala magotini, na yule mama alikuwa akituleta mwenyewe.

Kijiji chao kiko juu ya mwinuko, nyumba za nyasi za mviringo, ng'ombe wamezunguka pande zote. Sikuwa nimewahi kufika. Watu walitoka wote, wazee kwa watoto, wakaushika mtumbwi kila mahali, wakapitisha mikono kwenye pua ile yenye magamba kana kwamba ndivyo pua inavyopaswa kuwa. Msichana aliyejifungulia ukingoni alikuja na mtoto mgongoni, akaingia ndani ya mtumbwi, akakaa katikati, kisha akatoka.

Mama Maziwa alituongoza hadi kwenye nyumba mpya iliyonukia nyasi mbichi na moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Akatandika ngozi mbili. Akaleta maziwa.

"Hapa ni yenu mpaka maji ishuke," akasema.

Fundi alikuwa bado ameshika kafi lake, akitafuta pa kuliegemeza. Mama Maziwa akanyoosha mkono.

"Leta."

"Nitalihitaji kurudi kesho."

"Kafi ni ya mwenye mtumbwi," akasema, na akalichukua. "Kesho ukitaka kuvuka, kuja alfajiri. Mimi nitakuvusha."

Akatoka. Fundi alikaa juu ya ngozi, mikono mitupu, akausikiliza mto ukinguruma kutoka upande asiouzoea. Kisha akanyoosha miguu, akavuta kofia usoni, na akalala ng'ambo.